Kiingereza cha Kwenye Jibini na Mguu wa Sifa

Nimeacha ukalimani kwa sababu sikio langu la kushoto limeanza kuchagua. Linasikia ng'ombe akilia ng'ambo ya bonde, lakini mgeni akisema polepole mezani halimtaki. Vijana mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie mambo yalivyokuwa, na mmoja wenu alitaka nieleze nilivyopanda ngazi. Sikupanda, nilizunguka tu. Nitaandika yale yaliyonishtua. Watu hudhani mtu akizeeka kazini huacha kushtuka, lakini mimi naona kushtuka kwangu kumezidi.

Shule niliiachia darasa la tano, kwetu Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi. Hakuna aliyenifukuza. Nilifuata lori la maharagwe ili nijue linakwenda wapi, na lilipofika nikataka kujua lile lingine nalo linakwenda wapi. Nimesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ikiwa imejaa viazi. Nimebeba magunia Pinga. Nimechimba mawe ya madini Walikale mpaka nikachoka kuonana na udongo. Mwisho nikapata pikipiki ya kubebea maziwa. Nilikuwa nayashusha kutoka malishoni hadi Masisi kwa mwanamke mmoja anayetengeneza jibini, na hapo ndipo Kiingereza kiliponikuta.

Aliitwa Mama Esperance. Alikuwa ameishi Uganda miaka mingi kama mkimbizi, akipika katika nyumba ya walimu, na alirudi na vitu viwili: sufuria kubwa na Kiingereza. Jibini zake alizifunga kwa magazeti ya zamani yaliyotoka huko Uganda. Siku moja nikisubiri madumu yangu nikasoma neno kwenye karatasi ya jibini: reluctant.

"Mama, hii inasema nini?"

"Inasema: nunua ao ondoka."

Sikuondoka. Akacheka, akanieleza kwamba ni mtu ambaye hakatai jambo wala halikubali, miguu yake inaburuta. Kisha akanipa sheria yake, ambayo mimi nimewapa ninyi nyote na wengi wenu mmeitupa. Neno moja, sentensi tatu. Ya kwanza iwe juu ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe haongopi. Ya pili juu ya jirani. Ya tatu juu yako mwenyewe, na ukiisema usicheke.

Nikajaribu. Nikasema: kuwa reluctant si vizuri.

"Iyo sentensi haina mutu ndani," akasema. "Rudisha neno kwenye jibini."

Nikaanza upya. Ng'ombe yuko reluctant kuvuka daraja la miti. Jirani yangu yuko reluctant kunirudishia panga. Ya tatu ilichukua muda, maziwa yakakaribia kuchacha. Nikasema kwamba nilikuwa reluctant kubaki shuleni, na sasa niko reluctant kupita mbele ya shule ile. Mama Esperance akaweka kisu chini. Nami nikashtuka, kwa maana jambo lile sikuwa nalijua mpaka mdomo wangu ulipolisema kwa Kiingereza. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri. Kwa lugha ya mama yangu ningelizunguka, lakini kwa lugha ile ngeni sikuijua njia ya kuzunguka, nikaangukia katikati.

Tangu siku ile nikawa natafuta maneno kama wengine wanavyotafuta kuni. Nilikuwa na redio ndogo, na kamusi ambayo panya walikuwa wamekula mwanzo wake, ikaanzia herufi D. Maneno ya A, B na C niliyapata kwenye jibini tu. Moja lilikuwa allegedly. Hilo lilinikosesha raha kwa siku kadhaa. Watu wazima walikaa wakatengeneza neno la kusema jambo huku umesimama mbali nalo, kama mtu anayemtoa panya mfu kwa ncha ya mkia! Nikamwuliza Mama Esperance watu hao ni wa namna gani.

"Kwani sisi hatusemi 'banasema'?" akajibu. "'Banasema yule aliiba mbuzi.' Ni neno lile lile, mwanangu. Letu tu halivai tai."

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuja bila kuitwa. Mgeni mmoja, mwanamke mtaalamu wa maharagwe, alifika Masisi na mkalimani wake akashikwa na malaria. Mtu akasema: kuna yule wa maziwa, anaongea peke yake Kiingereza njiani. Wakanikalisha kwenye benchi. Kiongozi wa msafara akanipa kanuni moja: mgeni akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba". Wewe ni mdomo tu, hupo.

Nikaona ni rahisi. Mgeni akaanza kujitambulisha mbele ya akina mama wa ushirika, nami nikafuata kwa sauti kubwa na ya heshima: "Mimi nina watoto wawili. Mimi niliachana na mume wangu."

Kisha mama mmoja mwenye mgongo wa kubeba mihogo akauliza: "Papa, pole. Na huyo mume wako alikuwa nani?"

"Na mahari alitoa?" mwingine akadakia.

"Ng'ombe ngapi kwa mutu wa ndevu?"

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka na kulia. Mgeni alitaka kujua amesema nini cha kuchekesha kuhusu maharagwe. Nikamweleza, akacheka kuliko wote, na mkutano ukaenda vizuri. Lakini nilirudi nyumbani nimeduwaa. Nilikuwa nimezoea kuongea kwa ajili yangu tu, na hapo nilikuwa nimekaa asubuhi nzima mdomoni mwangu bila kuwapo.

Mambo madogo ya kazi nitayataja haraka. Kaa nyuma kidogo ya bega la mgeni, siyo kati yake na mtu. Usile mahindi ya kuchoma kabla ya mkutano. Mzee akinyamaza, usimjazie. Mgeni akisema maneno mia na mzee akajibu kwa methali moja, tafsiri methali hiyo moja, hata mgeni akikuangalia kama mtu aliyemla kuku njiani. Na maneno makubwa yaje na mtu ndani. Niliwahi kufanya kazi katika kambi ya waliokimbia vijiji vyao, ambako kila karatasi ilikuwa na neno vulnerable. Nyanya mmoja akanivuta mkono.

"Mujukuu, ile neno inaletaka unga. Maana yake nini?"

Nikamwambia ni mtu anayeweza kuumizwa kwa urahisi.

Akaangalia kambi yote, akaniangalia na mimi, viatu vyangu na kalamu yangu. "Sasa nani haiko vile?"

Lakini kesi iliyonishtua kuliko zote haikuwa Masisi. Ilikuwa Walikale, katika kituo kidogo cha afya kwenye njia ya Pinga, na ilimhusu msichana aitwaye Sifa.

Sifa alikuwa mtoto wa kama miaka kumi. Aliteleza kwenye mteremko akiwa na mzigo wa mihogo, mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Kijijini wakamfunga vijiti na majani. Mama yake na mjomba wake walipomfikisha kituoni kwa machela, mguu ulikuwa umeshakufa. Harufu yake ilifika mlangoni kabla yao. Kwa bahati palikuwa na daktari mgeni aliyepita pale kwa kazi ya upasuaji, mwanaume mrefu mwenye sauti ndogo, nami nilikuwa mdomo wake.

Akamweleza Mama Sifa wazi. Mguu usipokatwa leo au kesho, sumu itapanda na mtoto atakufa. Ukikatwa chini ya goti, ataishi. Nikasema yote kwa Kiswahili chetu, polepole, sikupunguza hata neno. Mtoto alikuwa kitandani pale pale, macho wazi. Mama alikuwa anaangalia ukuta.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaniuliza: "Papa, uwaulize kama banaweza kuniazima jembe."

Nikatafsiri. Daktari akadhani nimekosea.

"Jembe?"

"Jembe, daktari."

Akaanza tena. Akachora mguu kwenye karatasi, akaweka mstari pa kukata. Mama Sifa akafuata kidole chake mpaka mwisho, kwa adabu. "Nimesikia. Munashukuriwa. Na jembe?"

Ulikuwa msimu wa kupanda maharagwe. Daktari akanigeukia, uso umebadilika rangi. Akaniambia, na hili alikuwa ananiambia mimi, kwamba amefanya kazi nchi nyingi lakini hajaona mama anayefikiria shamba wakati mtoto wake anaoza mbele yake. Sikumtetea. Nami nilikuwa nimeshtuka vilevile. Nilimwangalia mwanamke yule kama mtu nisiyeifahamu lugha yake. Muuguzi wa kituo, Mama Zawadi, ambaye alizaliwa huko huko, aliangalia sakafu tu, akakunja na kukunjua bendeji ile ile.

Mchana ukapita hivyo. Mama hakatai, hasaini karatasi ya kukubali. Mjomba, Papa Bauma, naye akiulizwa alisema neno ni la dada yake. Homa ya mtoto ikapanda. Daktari akapita mlangoni mara nyingi na kila mara alisimama kidogo zaidi.

Basi Mama Sifa akanifanyia ishara ya kidevu. Nikamfuata nje, tukapita jiko, mpaka nyuma kabisa ambako kuna tanuri la matofali la kuchomea takataka za kituo. Lilikuwa linatoa moshi. Alisimama akiliangalia, mikono kifuani.

"Kule ndani siwezi kusema. Mutoto anasikia."

"Sema, Mama."

"Asubuhi nimeona wanatupa humu bendeji ya damu. Na kitu ingine, sijue ya nani. Imewaka." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mukikata muguu ya mutoto wangu, mutautupa humu?"

Nilitazama mlango wa tanuri, moshi ukinijia usoni.

"Papa, sisi watu wa kwetu tunazikwa. Sifa achomwe nusu kama takataka, na siku yake ile nusu ingine tutaizika na nani? Nilikuwa naomba jembe nitayarishe shimo. Mbele yake siwezi kutaja shimo. Mutoto akisikia mama yake anatafuta shimo, atakufa leo leo."

Huo ndio mshtuko ninaowaandikia. Jembe lilikuwa jembe. Alikuwa ameomba kile alichokitaka, mara mbili, mbele ya watu watatu. Nami nimekulia milima hii hii. Najua kwetu hakuna anayetaja kaburi, udongo wala sanda mbele ya mgonjwa. Nyanya yangu alikuwa akificha hata koleo mtu akiugua. Mama Zawadi alijua pia, ndiyo maana aliangalia sakafu. Lakini yeye asingeweza kutaja jambo hilo kitandani kama vile mama asivyoweza, na daktari asingeweza kuuliza jambo asilojua kama lipo. Sote tulikuwa na adabu, na mtoto alikuwa anakufa kwa adabu yetu.

Nikaingia kwa daktari. Alikuwa anaosha mikono ambayo ilikuwa safi tayari. Nikamwambia kwa Kiingereza, na nilijishangaa jinsi lile neno la kwenye jibini lilivyokuja lenyewe, na mtu ndani yake: Daktari, mama huyu hayuko reluctant kwa kisu. Yuko reluctant kwa moto.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza yote.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" akauliza mwishoni.

"Tulikuwa tunamheshimu mgonjwa," nikasema, na nilipolisikia kwa Kiingereza lilisikika vibaya sana.

Akamwita Mama Zawadi nje ya chumba. Mama Zawadi akasema, macho bado chini, kwamba kanuni ya kituo ni kuchoma. Kisha akainua macho, akaongeza haraka kama mtu anayemwaga mzigo: "Lakini kanuni inatafuta tu mbwa wasifukue na maji yasiharibike. Shimo refu na chokaa, mbali na chemchemi, itatosha. Nimefanya kwa wengine. Sikumuambia mutu."

Daktari akamwangalia, kisha akacheka kicheko kimoja kikavu. Akaniambia: mwambie mama atapewa mguu.

Nikamwambia kule kule nyuma ya jiko. Mama Sifa akafunga kitenge chake upya kiunoni, akakifunga kwa nguvu.

"Sasa mukate," akasema.

Upasuaji ukafanyika jioni ile. Asubuhi mtoto alikuwa bado amelala kwa dawa, anapumua vizuri, na sisi tulikuwa na mguu uliofungwa plastiki, juu yake kitenge kipya cha maua ambacho mama alikuwa amekiweka kwa ajili ya sikukuu. Mama alitaka uzikwe nyumbani, lakini hakutaka kumwacha mtoto. Kijiji kilikuwa mbali, njia ni ya pikipiki tu, na mimi, kabla ya kuwa mdomo, nilikuwa dereva. Nikapewa pikipiki ya kituo, Papa Bauma akakaa nyuma, mguu mapajani, jembe la kuazima begani.

Nimebeba maziwa, viazi, nguruwe hai, na mara moja kabati. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Njiani watu waliona jembe na kitenge, wakaelewa ni msiba. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja akaweka chini kapu lake.

"Poleni. Nani amekufa?"

"Hakuna mutu," akajibu Papa Bauma.

"Sasa munazika nini?"

"Muguu."

"Muguu ya nani?"

"Ya Sifa. Mwenyewe iko anapumua."

Yule mama akashika kichwa. "Ee Yesu. Basi nilie ao nifurahi?"

"Lia kidogo," akasema Papa Bauma, "halafu ufurahi."

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi, mti umelazwa njiani na vijana wawili wa kukagua mizigo. Mmoja akagonga kitenge kwa fimbo. "Mumebeba nini? Nyama ya pori? Fungueni!"

Papa Bauma hakubishana. Akafungua ncha ya kitenge, kidogo tu, upande wa vidole. Kijana akaruka nyuma, akamkanyaga mwenzake, na wote wawili wakakimbilia kuinua ule mti kana kwamba unawaka. "Pitieni! Pitieni, wazee! Mungu awasaidie!" Tulipokuwa tumepita, mgongo wa Papa Bauma ukaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia, na mimi nikaendesha.

Tukauzika chini ya mgomba wa nyumbani, karibu na kaburi la nyanya yake Sifa. Mchungaji wa kijiji alikuja, akauliza aombee nini hasa. Papa Bauma akamwambia: omba kama vile mutu ametanguliza mizigo. Nimetafsiri mahubiri mengi katika maisha yangu, na yale ya mchungaji siku ile yalikuwa mafupi kuliko yote.

Tuliporudi kituoni, Sifa alikuwa ameamka, amelala chali, shuka limeinuka upande mmoja na kulala bapa upande wa pili. Alikuwa anaangalia pale palipo bapa. Mama yake alikuwa amemshika mkono, daktari amesimama miguuni mwa kitanda, Mama Zawadi na dawa. Adabu ile ile ilikuwa imerudi chumbani.

Mtoto akatuona tumejaa udongo mpaka magotini.

"Mumeuzika?"

Mama yake akashtuka, akaziba mdomo wake mwenyewe. Papa Bauma akaniangalia mimi, kana kwamba kuna lugha nyingine ya kujibia.

"Tumeuzika," nikasema. "Kwenu, karibu na nyanya yako."

Akafikiri. "Vizuri. Utamusaidia nyanya, yeye alikuwa anatembea vibaya."

Mama Zawadi akageukia dirisha. Mama Sifa alitoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kilio, akalala juu ya mtoto wake na kumkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Daktari akanigusa bega, akataka kujua amesema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Kisha akakohoa, akasema nimwulize mtoto kitu kimoja: kesho fundi seremala atakuja kumpima magongo ya kutembelea, je, anayataka ya namna gani?

Nikamuuliza. Sifa akajipima kwa macho kutoka bega mpaka pale shuka lilipolala.

"Muambie akate marefu," akasema. "Mimi ningali nakua."